Ficha Dalili Katika Mazoea: Namna ya Kuandika Hadithi ya Upelelezi Ukiwa Goma

Kitabu cha kwanza cha upelelezi nilichokisoma maishani hakikuwa na mwisho. Nilikinunua Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, nikiwa na umri wa miaka 13, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitandaza vitabu vikuukuu vya Kifaransa juu ya gunia, na ni baada ya kukesha nacho kwa mwanga wa mshumaa ndipo nilipogundua kwamba kurasa kumi na kitu za mwisho zilikuwa zimechanwa, pengine kwa kufungia karanga. Nilikisoma mara tatu nikimtafuta muuaji, kisha nikachukua daftari la hesabu nikaandika mwisho wangu mwenyewe, ambamo nilimtia daktari hatiani. Miaka mingi baadaye nilipata nakala nzima ya kitabu hicho hicho, nikaona kwamba daktari wa watu hakuwa na kosa lolote. Hata hivyo, zile wiki mbili za kurudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, nikiuliza kila mtu alikuwa wapi na aliwezaje kujua alichokisema, zilinifundisha uandishi kuliko somo lolote la darasani. Maelezo yafuatayo ni ya mtu aliyepata ugonjwa huo huo wa kupenda mafumbo, na ambaye sasa anataka kutunga la kwake akiwa hapa Goma, bila kuazima mitaa ya London wala ya Paris.

Anza kwa kubadilisha namna unavyosoma. Chukua kitabu unachokipenda na ambacho mwisho wake unaujua, shika kalamu ya risasi, ukisome upya ukipiga mstari chini ya kila sentensi ambamo mwandishi alikuambia ukweli nawe ukapita bila kuuona. Mimi nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza niliona haya, kwa kuwa siku zote nilidhani waandishi hawa hutunyima habari, kumbe nyingi walikuwa wamezisema waziwazi, tena mapema, ila walizipenyeza katikati ya orodha ya vitu vitano, au punde kabla ya ugomvi kuzuka, au kinywani mwa mtu ambaye hakuna anayemsikiliza. Pembeni mwa kila mstari andika sababu iliyokufanya usishtuke. Ukimaliza vitabu vitatu kwa njia hiyo, utakuwa na orodha ya maficho iliyotoka katika kushindwa kwako mwenyewe, nayo ndiyo mtaji wako, maana msomaji utakayetaka kumzidi akili ni yule uliyekuwa wewe kabla ya kushika kalamu.

Mchezo huu una wazee wake, na inafaa kuwajua japo kwa kifupi. Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha mwaka 1841 hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina hii. Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes mwaka 1887. Agatha Christie akamleta Hercule Poirot mwaka 1920. Poirot, jambo ambalo sisi tuliotawaliwa na Ubelgiji hupenda kukumbushana kwa kicheko, ni polisi mstaafu wa Kibelgiji aliyekimbia vita kwao, na Georges Simenon, aliyemuumba kamishna Maigret, naye ni mzaliwa wa Liège. Kwa upande wa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Mimi kilinifikia kupitia kwa shangazi yangu aliyekuwa akifuata bidhaa Kigoma. Halafu kuna padre wa Kiingereza, Ronald Knox, aliyeandika mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi ya upelelezi. Baadhi zimechakaa, lakini mbili nimezibandika ukutani: mpelelezi asione dalili yoyote bila msomaji kuonyeshwa papo hapo, na muuaji asitumie sumu ambayo haijapata kujulikana.

Kanuni unaweza kuziazima, vitu usiviazime. Nimesoma miswada ya vijana wetu ambamo mpelelezi wa Goma anainama bustanini kupima unyayo wa kiatu, ilhali mtaa wenyewe umejengwa juu ya lava iliyoganda, na jiwe lile halishiki unyayo wa mtu. Linachofanya ni kuchana soli na kuacha vumbi jeusi kwenye pindo la suruali, na hiyo ndiyo dalili aliyopaswa kuiona. Mwandishi huyo kijana alikuwa na dalili nzuri mlangoni kwake, akaenda kutafuta nyingine katika vitabu. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, na labda ya pekee niliyoigundua bila msaada, ni kwamba ficho bora la dalili ni mazoea ya mji. Kitu ambacho kila mtu wa hapa hukiona kila siku, kuanzia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoegeshwa ukutani hadi mabido, yaani madumu ya maji, ya njano yaliyopangwa foleni bombani, msomaji wa hapa atakiruka kwa sababu amekizoea, na msomaji wa mbali atakiruka kwa kudhani ni pambo la mandhari.

Kabla ya kuandika neno, chagua mwaka. Katika miji mingine jambo hili ni dogo, lakini hapa mwaka ndio unaoamua nyumba gani ipo na ipi haipo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, mto wa lava ulisimama pembezoni mwa mji upande wa kaskazini. Utawala wa mji nao umebadilika mara kadhaa, na mabadiliko ya Januari 2025 si ya kwanza, kwa hiyo mwaka ndio utakaokuambia nani anagonga mhuri na nani anaweza kusimamisha pikipiki usiku. Ukisema tu kwamba kisa kilitokea siku hizi, mashahidi wako watakuwa wakikanyaga mitaa ya miaka mitatu tofauti. Mfano nitakaoutumia hapa chini nimeuweka mwaka 2008.

Sasa tunga hadithi kuanzia mwisho. Andika katika ukurasa mmoja, kwa sentensi kavu zisizo na siri, nani alimuua nani, kwa nini, vipi, na saa ngapi. Katika mfano wangu, aliyekufa ni kambiste, mmoja wa wale wanaokaa barabarani na meza ndogo iliyojaa matita ya faranga na dola. Aliyemuua ni kambiste mwenzake aliyekuwa na deni lake. Kilichomuua ni mazuku.

Mtu wa Goma halihitaji neno hilo kufafanuliwa, lakini mwandishi anapaswa kulijua kwa undani kuliko majirani zake. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika maeneo ya volkano. Magharibi mwa mji, kandokando ya ziwa, inajulikana vizuri, na wanasayansi wa volkano wenyewe hutumia neno letu hilo hilo. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, hutulia katika mashimo na mabonde madogo kama maji yatulivyo katika beseni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi huingia wasitoke. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama mahali ambapo aliyeinama anapoteza fahamu, na sentensi hii moja ndiyo hadithi yangu nzima: muuaji alimwita mwenzake kando ya shimo kabla ya mapambazuko kwa ahadi ya kumlipa, akaangusha bahasha ndani yake kana kwamba imemponyoka, kisha akabaki juu akimtazama akishuka kuitafuta gizani. Kanuni ya padre Knox haijavunjwa, maana hii si sumu mpya. Mji mzima unaijua, na mabango ya kuionya yapo.

Ugumu uko papo hapo. Ikiwa mji mzima unaijua, utamzuiaje msomaji asiitaje mazuku katika ukurasa wa pili? Nilihangaika na swali hili kwa muda mrefu, na mara mbili nilikaribia kuitupa hadithi. Suluhisho ni kutokumzuia. Acha atokee mtu katika ukurasa huo wa pili aseme kwamba ni mazuku, na kwamba ni ajali, basi. Wengine wabishe kwamba ni sumu. Na msomaji ajikute anachagua kati ya ajali na sumu, bila kujiuliza kwa nini kambiste mwenye akili timamu ateremke shimoni usiku. Ukweli nusu, ukisemwa mapema na mtu asiyeheshimiwa, huziba njia ya ukweli mzima. Tazama jinsi nilivyoandika kupatikana kwa maiti:

“Alilala kifudifudi chini ya shimo, mkono wa kulia ukiwa mbele yake. Sandali moja ilikuwa imetoka mguuni. Mfukoni mwa shati mlikuwa na faranga zilizofungwa kwa mpira, simu iliyozimika na kadi ya mpiga kura, na kando ya mkono palikuwa na kiberiti na njiti nne zilizoungua vichwa tu. Vijana waliokuwa wakitafuta mbuzi ndio waliomwona. Mmoja alisema mazuku, akanyamazishwa. Mdogo wa marehemu alizihesabu faranga, akakuta zote zipo, akapiga yowe: ‘Basi si wezi! Wamemlisha karuho!’”

Fumbo limo katika njiti nne. Kichwa cha njiti hulipuka chenyewe hata penye hewa mbaya, lakini mti hauendelei kuwaka pasipo oksijeni, na njiti nne zilizokufa namna moja zinaonyesha kwamba mtu huyu alinyoosha mkono chini, mara nne, akitafuta kitu, kabla ya kuinama mwenyewe. Kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kutafutwa, na kwa kuwa hakikupatikana, kuna mtu aliyerudi kukichukua baadaye, upepo wa asubuhi ulipokwisha kuitawanya gesi. Ukitazama tena utaona kwamba njiti zimewekwa mwisho wa orodha, zikafuatwa na mbuzi, kisha yowe. Jicho la msomaji hukimbilia kwenye yowe. Neno karuho, jina letu la sumu ya kulishwa mtu, nalo lina kazi, kwani kwetu Kivu kifo cha ghafla hakikosi mtu wa kulitamka, na likishatamkwa anatafutwa aliyempikia marehemu chakula cha jioni.

Mpelelezi ndiye anayewapotosha waandishi wengi. Humpa ofisi, koti na bastola, kisha wanashangaa mbona hakuna anayemfungulia mlango. Jiulize ni nani katika avenyu yenu anayeingia kila uani bila kuulizwa alichofuata, na ni jambo gani analijua kwa sababu ya kazi yake kuliko ofisiye yeyote wa polisi. Agatha Christie alifanya kazi katika duka la dawa la hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ujuzi wa sumu alioupata huko ulimlisha maisha yake yote ya uandishi. Mimi nimemchagua muuza makala, yaani mkaa. Mama Furaha hupeleka makala nyumba kwa nyumba. Anajua nani amepika na nani amelala njaa. Na zaidi ya yote anaujua moto, jinsi unavyoshika, unavyosinzia na unavyokufa. Mwanawe anapomsimulia habari za njiti, yeye yuko chini akiipepea mbabula, jiko lake la makala.

“Pengine ni upepo uliozizima, Mama.”

“Usiku ule ziwa lilikuwa limelala, mwanangu. Moto uliokufa bila upepo umekosa hewa.”

Hasemi zaidi, na sura inaishia hapo. Usimruhusu mpelelezi aeleze anachokijua siku anapokijua. Mpe kazi nyingine ya mikono, wageni waingie, mvua inyeshe.

Lililobaki ni saa, na hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo Wafaransa hawana. Mvuvi aliwaona watu wawili wakishuka kuelekea shimoni, na alipoulizwa alijibu kwamba ilikuwa saa kumi, akimaanisha saa kumi za usiku, kabla ya mapambazuko. Aliyeandika maelezo yake ni karani mgeni kutoka Kinshasa, ambaye Kiswahili chake ni cha miezi michache na ambaye, kama wazungumzaji wengi wa Kilingala, huhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa. Katika procès-verbal, yaani hati ya maelezo ya shahidi, akaandika 10 h. Maiti ilionekana adhuhuri, kwa hiyo saa zote mbili zinawezekana, na saa nne asubuhi, ambayo ndiyo 10 h ya karani, muuaji alikuwa kwenye meza yake barabarani mbele ya wateja ishirini. Ushahidi wake haukutungwa na yeye. Umezaliwa na kalamu ya mtu mwingine, naye ameukubali kwa furaha. Ili mchezo uwe wa haki, nilihakikisha kwamba mara ya kwanza karani anapotokea anasalimia kwa mbote ya Kilingala, kwamba analalamika jinsi saa za Goma zinavyomchanganya (simu yake bado ina saa za Kinshasa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja), na kwamba msomaji anacheka. Kicheko ni ficho zuri, na waandishi wetu hawakitumii vya kutosha.

Sheria ya nchi itakusaidia kuifanya hadithi ikimbie. Kifungu cha 18 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba mtu hawezi kuwekwa kizuizini na polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka husika. Jirani aliyempikia marehemu maharagwe anakamatwa na OPJ, ofisiye wa polisi wa upelelezi, siku hiyo hiyo alasiri kwa tuhuma za karuho, na tangu hapo Mama Furaha ana saa 48 kabla ya faili kwenda parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kichwani mwa kila sura nimeandika saa zilizobaki. Usimtegemeze mpelelezi kwa maabara ambayo humwoni nani ataiendesha. Hadithi ya njiti na saa haiihitaji. Wala usiwafanye polisi wote kuwa wajinga au wala rushwa, kwa maana ofisiye mwerevu anayekosea kwa sababu nzuri anamtisha msomaji zaidi, na mwishoni ndiye atakayehitajika kuyapokea maelezo ya muuza makala na kuyaandika upya.

Kuhusu lugha nitasema machache. Simulia kwa Kiswahili sanifu, na waache wahusika waseme chao, kwa sababu mama wa Goma anayesema “ndiye niliyemwona” badala ya “njo ule nilimuonaka” ameshajulisha kwamba si wa hapa, au kwamba mwandishi hakumsikiliza. Lafudhi inaweza kuwa dalili nzuri ya shule mtu aliyosoma au nchi aliyoishi. Isigeuzwe kuwa ushahidi wa kabila. Katika mji huu watu wameumizwa vya kutosha kwa namna wanavyotamka maneno, na hadithi inayomnasa mhalifu kwa matamshi ya ukoo wake mimi huifunga pale pale.

Sura ya ufumbuzi iwe fupi. Kusanya watu wachache, si mtaa mzima, na mpelelezi aonyeshe jambo badala ya kuhutubia: Mama Furaha anamwomba karani amwambie sasa ni saa ngapi, kwa Kiswahili, na kimya kinachofuata kinatosha. Ukijikuta unaongeza shahidi mpya katika sura hii, au barua ambayo haikutajwa kabla, rudi ukaiweke mapema, na kama haina pa kukaa huko, iondoe.

Mswada ukikamilika, toa kurasa kumi za mwisho, uzifungie sandukuni, na uwape watu watano, mmoja mmoja, zilizobaki pamoja na karatasi nyeupe, kila mmoja aandike muuaji ni nani na amejuaje. Wakipatia watu wote watano, dalili zako zinapiga kelele. Asipopatia hata mmoja, huenda umezika zaidi ya kiasi. Dada yangu mdogo, ambaye hana subira na mafumbo, alinirudishia mswada wangu baada ya siku mbili akiwa ameandika jina la karani, kwa hoja kwamba mtu anayechekesha mapema hivyo lazima ana jambo. Ilinibidi niandike upya sura ya tatu, nikampunguzia karani vichekesho viwili na kumpa mvuvi kimoja, kisha nikampa kaka yetu mkubwa asome. Yeye bado hajaandika jina. Ameniuliza tu njiti zilikuwa ngapi.